Tui Lililotoa Povu

Mwaka wa sabini na tatu, nikiwa na miaka kumi, ndipo shida ilipotuingia. Baba alikuwa mkata mkonge katika shamba moja nje ya Tanga. Akaumwa kifua wakati wa masika, akafa, na nyumba tuliyokaa ilikuwa ya shamba, si yetu, kwa hiyo tukatoka. Mama akatupeleka mjini kwa dada yake. Nikatolewa shule nikiwa darasa la tatu. Chuoni niliachwa niendelee, maana mwalimu wa Kurani hakuwa akiwadai mayatima ada, na chuo kilikuwa jioni. Asubuhi nilikuwa na kazi ya kukuna nazi kwa mama mmoja aliyeuza vitumbua na wali karibu na stesheni ya reli.

Nimeanza na hayo ili msomaji ajue mapema anasoma maneno ya nani. Cheti sina. Kiingereza nakisikia, kukisoma sikisomi. Ila nazi naijua tangu ikiwa kwenye kifuu mpaka inapogeuka tui, na herufi za Kiarabu nazisoma kwa sababu nilichapwa kwa ajili yake. Wako waliosoma sana wakaja kuniomba kazi. Sikuwacheka, lakini kazi niliwapa mimi.

Dubai nilikwenda nikiwa mtu mzima, nimeshazaa, nimeshaachwa. Nyumba za mwanzo siziandiki, zilikuwa nyumba za kupita. Nyumba niliyokaa ilikuwa mtaa wa Al Warqa, kwa madam mmoja Mwarabu wa hukohuko, mwalimu wa watoto wadogo, mume wake mtu wa safari. Niliingia kama mfanyakazi wa ndani, na baada ya muda jiko likawa langu. Madam mwenyewe akitaka kijiko alikuwa ananiuliza kiko wapi.

Mwanzoni nilimchekesha sana kwa Kiarabu changu. Kule chuoni mwalimu alitufundisha kwamba laban ni maziwa, imo ndani ya Kurani. Basi siku za kwanza madam akaniagiza laban, mimi nikamletea maziwa matamu ya chai. Akanirudisha dukani. Kumbe kwao laban ni maziwa ya mgando, ya kunywa na wali. Maziwa yenyewe wanaita halib. Neno hilo kwenye msahafu sikuwahi kukutana nalo. Nililijua kwa masikio tu: halib lete, halib imeisha, halib imechacha.

Katika nyumba hiyo alizaliwa mtoto wa kike, wa mwisho, akapakatwa na mimi kuliko mama yake. Na huyu ndiye ninayetaka kumweleza, kwa sababu maziwa yalikuwa yanamuua.

Sitii chumvi. Alipokuwa anaanza kutembea alichukua kikombe cha mtindi cha binamu yake, akachovya kidole, akaramba. Kabla hatujajua amefanya nini, midomo ilikuwa imevimba, macho yamefumba, na sauti inatoka kama ya paka. Mimi ndiye niliyembeba mpaka garini, na njia nzima nilikuwa naweka sikio langu kwenye pua yake. Aliokoka. Daktari akasema huyu asiguse maziwa ya ng'ombe maisha yake, au mpaka wao watakaposema. Si maziwa peke yake: siagi, samli, jibini, biskuti zenye maziwa, hata kijiko kilichokoroga chai ya maziwa. Tukapewa sindano ya kumchoma pajani ikitokea tena, imetengenezwa kama kalamu nene. Moja ilikaa kwenye mkoba wa madam, moja ikakaa jikoni kwangu juu ya friji, na mtu yeyote aliyeweka kitu juu ya friji ile aligombana na mimi.

Basi mtoto akakua na sahani yake. Watu wakila, yeye ana sahani yake. Sikukuu, sahani yake. Kwenye harusi ya khalati yake, dada wa madam, tulikwenda na chakula chake kwenye mkebe, akala pembeni na mimi, anatazama. Hakuwa mtoto wa kulia. Angelia ingekuwa nafuu.

Alipokaribia kutimiza miaka sita, huo ni mwaka wa 2014, mama yake alimuuliza anataka zawadi gani. Alijibu kwa Kiarabu, kisha akaniambia na mimi kwa Kiswahili chake cha jikoni:

"Bibi, mimi taka aiskrimu. Moja. Mimi na wao, binamu, bakuli moja."

Madam akaniangalia. Nikasema, "Atapata."

Niliropoka, ndiyo. Lakini nikisema neno huwa silirudishi.

Za dukani zisizo na maziwa zilikuwepo, ila madam aliziogopa, kwa sababu mashine zao zinatengeneza na za maziwa. Mimi nilimuunga mkono. Hata mashine ya aiskrimu tuliyokuwa nayo nyumbani niliitoa nje ya jiko, maana ilishatengeneza aiskrimu ya maziwa mara nyingi, na ile mipira yake haioshiki mpaka ndani. Mwiko wa mbao nikauweka mbali vilevile. Mbao inakunywa. Ukikoroga maziwa leo, wiki ijayo bado imo harufu yake.

Madam akanichukua kwenda duka kubwa kununua mashine mpya. Muuzaji, kijana nadhifu, akatuonyesha ile ya kifahari, nzito kama cherehani ya chuma, inajigandisha yenyewe, hungoji kitu. Madam aliipenda. Nikamwambia muuzaji:

"Ifungue. Nitoe bakuli."

"Bakuli lake halitoki, mama. Limeshikana na mashine. Unapangusa."

"Sipangusi, mimi naosha. Nionyeshe nyingine."

"Lakini hii ndiyo bora."

"Kwako."

Tukanunua ile rahisi: bakuli lenye maji ya dawa ndani ya kuta zake, unaliweka kwenye friza siku nzima kabla, likishaganda unamimina mchanganyiko wako na mwiko wake wa plastiki unazungushwa na umeme. Vyote vinatoka, vyote vinaoshwa kwa maji ya moto. Muuzaji alimwambia madam kwa upole kwamba hii ukishaitumia mara moja, khalas, imekwisha, mpaka kesho yake. Madam akanigeukia. Nikasema kesho si mbali.

Halafu nikaanza majaribio. Mwenzangu jikoni alikuwa yaya wa watoto, binti wa Kenya kutoka Nakuru, Mkristo, mcheshi, anaimba kutwa. Alikuwa akiniita Mathe, ndiyo mama kwa lugha ya vijana wa kwao. Nilimwambia mara nyingi mimi si mathe wake, niite Mama au niite Bibi. Akasema sawa, Mathe.

Jaribio la kwanza nilitumia tui la pili, jepesi, na sukari kidogo, kwa kudhani sukari nyingi itamdhuru mtoto. Ikaganda ikawa jiwe. Binti wa Nakuru akaigonga na kijiko, kijiko kikapinda.

"Mathe, hii tumpelekee mlinzi. Mwizi akija, amrushie."

Aliyosema yalikuwa kweli. Ile haikuwa aiskrimu, ilikuwa barafu, kama zile za mifuko tulizokuwa tukifyonza Tanga. Kinachofanya aiskrimu iwe laini ni mafuta na sukari. Kwenye maziwa mafuta yamo. Kwenye nazi inabidi uyatafute, nayo yamo kwenye kasimele, tui la mwanzo kabisa, kabla hujaongeza maji ya kutosha. Jaribio lililofuata nikatumia kasimele tupu, nikaongeza sukari, na kijiko kizuri cha asali ya tende, ile nyeusi wanayoiita dibsi, kwa sababu inazuia kitu kisigande kikavu. Iliki nikatwanga mwenyewe. Ya unga ya dukani inanuka sanduku. Zafarani madam alinipa, nikaiweka kidogo tu, maana nyingi inafanya kitu kinuke dawa. Mayai nilikataa. Watu wanaweka kiini cha yai ili iwe nzito. Tui na yai havipatani, vinanuka pamoja. Nikachemsha kidogo na unga laini wa mahindi kama uji, nikaupoza, nikaumimina kwenye mashine.

Ilitoka laini. Binti wa Nakuru akala, akala tena.

"Sasa?" nikamuuliza.

"Mathe, hebu ngoja, bado najaribu."

Mtoto hatukumwonjesha. Mwenyewe alikataa. Alisema anangoja siku yake. Alikuja kusimama mlangoni kunitazama ninavyokuna nazi juu ya mbuzi yangu, niliyokuja nayo kutoka nyumbani, anauliza, "Tayari?" Namwambia bado. Anaondoka. Anarudi.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Binamu zake walikuwa waje baada ya alasiri. Bakuli la mashine lilikuwa kwenye friza ya nje tangu jana yake. Asubuhi nikakaa kwenye mbuzi, nikavunja nazi ya kwanza: imeoza. Ya pili: imeoza. Nazi za Dubai zimesafiri, ukinunua unabahatisha, na mimi niliyejidai kuzijua kwa kuzitikisa nilikuwa nimetikisa vibaya. Zilizosalia nzima zilinipa tui kidogo, halitoshi hata nusu ya bakuli.

Binti wa Nakuru akakimbia kwenye grosari, duka la vyakula la mtaa wetu, kabla hawajafunga kwa ajili ya sala. Akarudi anahema, na pakiti mbili mkononi.

"Nazi zimeisha. Lakini Mathe, kuna hii. Tui ya unga. Unaweka maji, unakoroga, imeisha. Si ni ile ile tu?"

Kwenye pakiti palichorwa nazi imekatwa katikati, nyeupe, na mnazi nyuma yake. Mimi nimeishi maisha yangu yote nikijua tui linatoka kwenye nazi na halitoki mahali pengine. Nani angekaa afikirie kwamba mtu anaweza kukausha tui akalitia kitu? Nilisema lete. Sikuuliza la pili.

Nikakoroga pakiti ya kwanza kwa maji ya uvuguvugu, nikachanganya na tui langu, nikatia vikolombwezo vyote, nikapoza ndani ya beseni la barafu, nikamimina kwenye mashine. Ikaanza kuzunguka. Nikaona haijajaa. Nikafungua pakiti ya pili, nikatia maji, nikakoroga.

Likatoa povu.

Nikaacha kukoroga. Tui halitoi povu. Nimekamua nazi tangu nina miaka kumi, tui ukilikoroga linatulia na mafuta yanaanza kujikusanya juu. Hili lilikuwa na povu dogo dogo pembezoni mwa bakuli, kama chai ya maziwa iliyomiminwa kutoka juu. Nikaweka pua. Nazi ipo. Na nyuma ya nazi kuna harufu nyingine, ya utamu mbichi, ninayoijua kutoka kwa watoto wa watu niliowalea: maziwa ya kopo.

Nikachukua pakiti nikaigeuza. Upande mmoja Kiingereza, upande mmoja Kiarabu, maandishi madogo kama mayai ya chawa. Tatizo la Kiarabu cha pakiti ni kwamba hakina irabu. Sisi chuoni tulisoma alifu fataha a, be kasira bi, kila herufi na alama yake juu au chini, inakwambia uitamke vipi. Kwenye pakiti hakuna alama, herufi ziko uchi. Nikaweka kidole nikaanza kama nilivyofundishwa. Neno la kwanza nikajua ni nazi. Halafu sukari ya namna fulani. Halafu neno refu la kigeni, sikulipata. Halafu he, lamu, ye, be. Nikajaribu: halaiba. Hulyabu. Binti wa Nakuru akawa ananitazama kama ninasomea maiti.

"Mathe, ni nini?"

He, lamu, ye, be. Nikalitamka kwa sauti, polepole, na sikio likalikamata kabla ya jicho.

"Halib."

"Halib ni..."

"Zima mashine! Mtoto yuko wapi?"

Alikuwa amesimama pale pale nyuma yetu, nguo yake mpya ya rangi ya zabibu, kidole cha shahada amekiinua hewani. Kidole kilikuwa na aiskrimu mpaka kwenye kiungo cha kwanza.

Sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka nimemshika mkono, nauvuta mbali na uso wake kama naunyang'anya kisu.

"Umeramba? Sema kweli. Umeramba?"

Akanitazama kwa hasira kidogo.

"Hapana, Bibi. Mimi gusa tu. Baridi. Mimi ngoja wao."

"Fungua mdomo!"

Akafungua. Nikamnusa kama mbwa. Binti wa Nakuru alikuwa ameshashusha sindano kutoka juu ya friji na anaomba Mungu wake kwa Kikikuyu. Nikamwosha mtoto mkono kwa sabuni, nikamwosha tena, na pale chini ya bomba nikaona kidole kinabadilika: vipele vyekundu vidogo vinainuka pale pale maziwa yalipokaa, kwenye ngozi tu, kidole kimoja. Basi tukajua pakiti haikudanganya upande wa Kiarabu.

Nilimwita madam kwa sauti ambayo sikuwahi kumwitia. Alikuja nywele nusu zimetengenezwa. Nilimweleza papo hapo, mbele ya mtoto, mbele ya kila mtu: pakiti ina maziwa, mtoto amegusa, hajala, kidole hiki hapa. Kuficha kungenisaidia nini? Alimpakata mtoto juu ya kiti cha jikoni akampa dawa ya maji aliyoandikiwa na daktari kwa mambo madogo, akampigia daktari simu, akaambiwa mtazameni midomo na pumzi, akibadilika mchomeni sindano mje. Tukamtazama. Watu wazima watatu tumemzunguka mtoto mmoja, hakuna anayepepesa.

Yeye akaanza kuona haya.

"Mbona mnanitazama?" akamuuliza mama yake kwa Kiarabu. Kisha akanigeukia: "Bibi, aiskrimu tayari?"

Vipele vikaanza kulala. Midomo ikabaki midomo. Mama yake akauweka uso wake kwenye nywele za mtoto. Alipoinua kichwa alisema, "Khalas. Nitaagiza keki yake ya siku zote. Ataelewa."

Nilimwona mtoto anavyoelewa. Alishuka kitini, akaenda kukaa ngazini.

Nikasema, "Madam, mimi nilimwambia atapata."

"Na mashine? Imeingia maziwa."

"Mashine si kitu."

Kusema kweli hapo nililikumbuka lile duka, na ile mashine nzito inayojigandisha yenyewe, na muuzaji aliyetuambia hii yetu ikitumika mara moja ni mpaka kesho. Hata ningeiosha kwa maji ya moto mpaka ing'ae, bakuli lisingeganda tena siku ile. Nilikataa mashine ya kifahari, na leo ndiyo ningeihitaji. Sawa. Nikaitoa yote nje, bakuli, mwiko, na aiskrimu yake ndani, nikamwambia binti wa Nakuru aoshe meza, sinki, bomba, mlango, mikono yake na mikono yangu, na abadilishe kanga, kila kitu.

"Kisha uende kwenye grosari ulete barafu ya magunia. Na chumvi ya mawe, ile ya kukaushia ngozi, nyingi."

"Chumvi kwa aiskrimu, Mathe?"

"Nani kakwambia inaliwa?"

Nazi nilikwenda kutafuta mwenyewe. Sala ilikuwa imetoka. Mwenye grosari alikuwa Mmalabari, mtu wa Kerala, tumezoeana kwa kugombana.

"Nazi hakuna, mama. Kesho."

"Wewe umekula nini mchana?"

"Samaki."

"Samaki wa nini?"

Akatupa jicho kwenye pazia la nyuma. Watu wa Kerala hawapiki samaki bila nazi, kama sisi tu. Nikamwambia, "Toa zako."

"Zangu za kupikia mimi! Wiki nzima!"

"Nimekuuliza ni za nani? Toa."

Alizitoa nyuma ya pazia, huku analalamika kwa lugha yake. Nilitikisa kila moja, naye akaitikisa baada yangu, tukabishana. Moja nilisema nzuri, akasema mbaya, akaivunja palepale kunionyesha. Ilikuwa mbaya. Akafurahi mpaka akanipa nyingine bure ya kuliwaza roho yangu.

Nyumbani nikakuna na kukamua kama nimekodiwa. Binti wa Nakuru alikuna na yeye, kwa mara ya kwanza maishani mwake, amekaa juu ya mbuzi upande kama anapanda baiskeli, na safari hii hakuimba. Nikatumia kitambaa kipya cha kukamulia, sufuria mpya ambayo madam alikuwa ameiweka kwa ajili ya wageni, na mwiko wa chuma. Kila kitu nilichotia nilikishika, nikakinusa. Sukari, dibsi, iliki, unga wa mahindi. Chupa ya dibsi nilisoma nyuma yake neno kwa neno, mpaka madam mwenyewe akaja akanisomea, akanisomea na ya unga, na ya sukari, ambayo kila mtu anajua ndani yake kuna sukari tu. Tulikuwa tumeshikwa na woga, na mimi sioni aibu ya woga ule.

Kisha nikafanya kama walivyofanya watu kabla ya umeme. Ndoo kubwa mpya, barafu iliyopondwa, chumvi ya mawe juu yake, tabaka kwa tabaka. Chumvi inaifanya barafu iwe baridi kupita barafu. Sufuria ya tui nikaizamisha katikati, imefunikwa vizuri ili chumvi isiingie, na kazi ikawa kuizungusha kwa mkono huku na huku, kuifunua, kukwangua kilichoshika pembeni, kufunika, kuzungusha tena. Ni kazi ya mikono mingi. Na mikono ikafika.

Binamu waliingia kwa kelele, wakakuta bibi mmoja mweusi na yaya wamepiga magoti uani, wanazungusha sufuria ndani ya ndoo. Mkubwa wao akauliza nini hii. Mwenye siku yake akajibu, kwa sauti ya mwenye nyumba:

"Aiskrimu yangu. Na nyinyi mtazungusha. Osheni mikono kwanza. Kwa sabuni!"

Wakaosha. Alisimama bombani anawakagua vidole. Wakazungusha kwa zamu, wanalia mikono inawaka kwa baridi, wanasukumana warudi tena. Pale jua lilipoanza kulegea, mwiko ukaanza kusimama wenyewe ndani ya sufuria. Nikasema imekuwa. Madam alileta bakuli la kioo, bakuli moja, na vijiko.

Binamu mkubwa alionja wa kwanza. Akakunja uso.

"Hii siyo aiskrimu. Hii nazi!"

"Kama huitaki, lete kijiko," nikamwambia.

Hakuleta. Wakainama wote juu ya bakuli, vichwa vimegusana, na mtoto wetu katikati yao. Akatia kijiko chake palepale wao walipotia vyao. Akameza. Mimi na mama yake tulikuwa tumesimama bega kwa bega, mkoba wake umefunguka, mkono wake ndani ya mkoba. Mtoto akala tena. Akaangalia juu, akatuona, akasema kwa Kiswahili mbele ya watu wote, mdomo umejaa:

"Bibi, usinitazame mimi. Tazama yeye, anakula nyingi!"

Yaya wetu akacheka mpaka akakaa chini. Tukangoja bado, hatukuamini upesi. Wakamaliza, wakapewa nyingine, wakaanza kukimbizana uani, na yeye akawa anakimbia na kupiga kelele kwa sauti safi kama wao. Ndipo madam akatoa mkono wake, akaufunga mkoba. Mimi nikaenda nyuma ya nyumba, nikakaa juu ya gunia tupu la barafu, likanilowesha makalio, na sikunyanyuka. Nilihisi wepesi kama nimetua mzigo niliobeba tangu mtoto yule aanze kutembea.

Mwenzangu akanifuata.

"Mathe, uko sawa?"

"Niite hivyo hivyo," nikamwambia. "Nimechoka kukurekebisha."

Baada ya siku ile, dada za madam wakaitaka, majirani wakaitaka. Kumbe watoto wasioweza maziwa walikuwa wengi katika nyumba zile, kila mmoja na sahani yake pembeni. Nikawa naitengeneza kila wiki kwa malipo, kwa ruhusa ya madam, jikoni kwake. Kutoka hapo sikuwahi tena kugusa unga wa kitu chochote bila kusomewa au kusoma pande zote mbili za pakiti. Nilipoamua kurudi nyumbani, madam alilia, mimi sikulia, nilikuwa na mipango.

Leo nina nyumba ya vyumba vinne Tanga mjini, imeezekwa bati jipya. Nina chumba cha kazi chenye vigae, friza tatu, jenereta moja, na mashine mbili za aiskrimu, zote ni za tui tu. Nina wanawake wanne ninaowalipa. Nina pikipiki ya kupelekea mzigo. Nina visima viwili, kimoja nyumbani na kimoja shambani. Nina shamba la minazi Pongwe, na hati yake imeandikwa jina langu.